Ulizaliwa Kabla ya Novemba 2001? Pima Homa ya Ini

Watoto wachanga nchini Kenya walianza kupewa chanjo ya homa ya ini aina ya B mnamo Novemba 2001. Aliyezaliwa kabla ya hapo, kwa jumla, hakuipata utotoni. Isipokuwa alichanjwa ukubwani kwa sababu ya kazi, masomo au safari, mwili wake hauna kinga ya chanjo hiyo hadi leo. Katika Kaunti ya Kilifi kundi hilo ni kubwa: ndimo walimo wazazi, wavuvi, wakulima, walimu, wahudumu wa bodaboda na wachuuzi wengi wanaojaza masoko ya Mtwapa, Kaloleni na Gongoni kila siku.

Jambo hilo lina uzito kwa sababu homa ya ini B ni ugonjwa wa polepole. Mtu anaweza kukaa na virusi kwa miaka 20 au 30 akilima, akivua na kulea watoto bila kulala kitandani hata siku moja. Anapoanza kuumwa, mara nyingi ini limeshakauka makovu au limeingiwa na saratani. Njia ya kujua mapema ni moja tu, nayo ni kipimo cha damu.

Makala haya yanaeleza homa ya ini ni nini, inavyoambukizwa, kipimo kinavyosomwa, na hatua anazopaswa kuchukua mkazi baada ya kupata majibu.

Ugonjwa usiotoa taarifa

Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Huchuja sumu kwenye damu, hutengeneza nyongo ya kusaga mafuta, huweka akiba ya sukari, na hutengeneza protini zinazogandisha damu mtu anapojikata. Kazi hizo huweza kuendelea hata sehemu kubwa ya ini ikiwa imeharibika, na ndani ya ini lenyewe hakuna mishipa ya kuhisi maumivu. Kwa hiyo mtu asisubiri maumivu ndipo aende kupimwa.

Dalili zikijitokeza huwa ni uchovu usioisha, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo mweusi kama chai ya mkandaa, kinyesi kilichopauka, na macho au ngozi kugeuka manjano. Ugonjwa ukikomaa, tumbo hujaa maji, miguu huvimba, na mgonjwa anaweza kutapika damu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini B, na wengine milioni 50 walikuwa na aina ya C. Mwaka huo homa ya ini iliua watu milioni 1.3, yaani takriban watu 3,500 kila siku. Katika kila watu 100 wenye aina ya B, ni 13 tu waliokuwa wamepimwa na kuambiwa. Waliobaki hawakujua. Asilimia 63 ya maambukizi mapya ya aina ya B yalitokea barani Afrika.

Jina moja, magonjwa matano

Homa ya ini, ambayo wengi huisikia hospitalini kwa jina la hepatitisi, ni uvimbe wa ini. Pombe, sumu na baadhi ya dawa zinaweza kuuleta, lakini mara nyingi husababishwa na virusi. Virusi hivyo viko vya aina tano: A, B, C, D na E.

Aina ya A na E huingia kwa mdomo, kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Huja kwa ghafla na kwa kawaida huisha zenyewe. Aina ya B, C na D huingia kwa damu au majimaji ya mwili, na ndizo zinazoweza kujificha mwilini kwa miaka mingi. Aina ya D haiwezi kuishi peke yake. Humpata tu mtu ambaye tayari ana aina ya B, kwa hiyo chanjo ya B huzuia zote mbili.

Wakazi wengi huchanganya homa ya ini na homa ya manjano kwa sababu zote zinaweza kugeuza macho kuwa manjano. Ni magonjwa mawili tofauti. Homa ya manjano huenezwa na mbu na ina chanjo yake, ile ambayo wasafiri hupewa cheti chake. Aliye na cheti hicho asidhani amekingwa dhidi ya homa ya ini.

Aina ya B inavyoambukizwa

Virusi vya aina ya B hukaa kwenye damu, shahawa na majimaji ya ukeni. Vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye alama ya damu iliyokauka juu ya wembe. Hapo ndipo penye hatari katika shughuli nyingi ambazo watu huziona za kawaida.

Wembe uliomnyoa mtu mmoja ukapitishwa kwa mwingine unaweza kubeba virusi. Vivyo hivyo wembe wa kuchanjia chale, kisu cha tohara, sindano ya kutogea masikio au kuchorea tatuu, na vifaa vya kukatia kucha. Nyumbani, ndugu wanaotumia mswaki mmoja au mashine moja ya kunyolea ndevu wamo hatarini. Kanuni ni rahisi kuikumbuka: wembe mmoja, mtu mmoja, mara moja. Mteja ana haki ya kumwomba kinyozi afungue wembe mpya mbele yake, na mzazi ana haki ya kuuliza kila mtoto anayetahiriwa atatumiwa kifaa gani.

Virusi huambukizwa pia kwa ngono bila kondomu na kwa kuchangia sindano. Wahudumu wa afya, wafanyakazi wa maabara, wanaofua nguo za hospitali na wanaozoa taka za hospitali wamo katika hatari ya kipekee. Asiye na kinga akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa wa aina ya B anaweza kuambukizwa kwa uwezekano wa hadi asilimia 30, ambao ni mkubwa mara nyingi kuliko ule wa virusi vya Ukimwi. Aliyechomwa asingoje kesho. Aoshe jeraha kwa maji na sabuni, atoe taarifa na afike kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani chanjo inayotolewa mapema inaweza kuzuia maambukizi.

Umri ambao mtu anaambukizwa hubadilisha kila kitu. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda virusi. Wasiozidi watano kati ya 100 hubaki navyo. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 90 kati ya 100 hubaki navyo maisha yao yote. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye miaka 45 anayekutwa na virusi leo huenda alivipata akiwa mchanga au akicheza na wenzake utotoni. Majibu ya kipimo hayasemi lolote kuhusu mwenendo wake, wala si ushahidi kwamba yeye au mwenzi wake alitoka nje ya ndoa. Familia zisivunjike kwa sababu ya karatasi ya maabara ambayo haikueleweka.

Mama na mtoto

Mama mjamzito mwenye virusi anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Aulizie kipimo cha homa ya ini B katika ziara ya kwanza ya kliniki, pamoja na vipimo vya virusi vya Ukimwi na kaswende. Akikutwa navyo, daktari anaweza kupima wingi wa virusi na kumwanzishia dawa wakati wa ujauzito ili kupunguza hatari kwa mtoto.

WHO inapendekeza kila mtoto apate dozi ya kwanza ya chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Barani Afrika, ni watoto 18 tu kati ya 100 waliokuwa wakiipata dozi hiyo ya mapema. Mama anayejua ana virusi apange kujifungulia hospitalini, na awaeleze wahudumu kabla ya uchungu kuanza ili mtoto ahudumiwe bila kuchelewa. Anayejifungulia nyumbani huikosa nafasi hiyo, na saa 24 hupita upesi.

Baada ya hapo, ratiba ya kawaida ya chanjo nchini huendelea katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Katika sindano hiyo moja mna kinga dhidi ya magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na bakteria wa Hib wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mzazi afungue kijitabu cha kliniki na kuhakikisha kuwa nafasi zote tatu zimejazwa. Mtoto aliyekosa hata moja apelekwe zahanati kwa ushauri. Hakuna anayepaswa kuona haya kwa kuchelewa.

Mama mwenye homa ya ini B anaweza kumnyonyesha mtoto wake. Mtoto aliyechanjwa hana sababu ya kunyimwa ziwa.

Kipimo na majibu yake

Kipimo cha kwanza huonyesha kama virusi vimo mwilini. Kwenye fomu ya maabara huandikwa HBsAg. Kuna kipimo cha haraka kinachohitaji tone la damu kutoka kwenye kidole, na majibu hutoka kwa muda usiozidi nusu saa. Maabara kubwa zinaweza kuongeza vipimo viwili: kimoja kinachoonyesha kama mtu ana kinga, na kingine kinachoonyesha kama aliwahi kukutana na virusi hapo nyuma. Vikisomwa pamoja, mkazi hujikuta katika moja ya hali tatu.

Ya kwanza, hana virusi na hana kinga. Huyu anahitaji chanjo. Mtu mzima hupewa dozi tatu: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kosa linalowapata wengi ni kuchoma ya kwanza na kusahau mbili zilizobaki. Dozi zote zikikamilika, zaidi ya watoto na vijana 95 kati ya 100 hupata kinga, na kinga hiyo hudumu angalau miaka 20, pengine maisha yote.

Ya pili, hana virusi na tayari ana kinga, ama kwa sababu alichanjwa au kwa sababu aliwahi kuambukizwa akapona. Huyu hahitaji kufanya lolote zaidi ya kuweka majibu yake pahali salama.

Ya tatu, ana virusi. Huyu anahitaji kuendelea na uchunguzi, kama inavyoelezwa hapa chini.

Kupima kabla ya kuchanja kuna sababu. Chanjo haimdhuru mtu ambaye tayari ana virusi, lakini haimponyi. Akichanjwa bila kupimwa, anaweza kurudi nyumbani akiamini amekingwa, kumbe ugonjwa unaendelea na anaweza kuwaambukiza wengine. Vilevile virusi huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana kwenye kipimo. Aliyekuwa katika hatari hivi karibuni aulize ni lini arudie.

Majibu ni siri kati ya mgonjwa na wanaomhudumia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri hiyo.

Kujua mapema kunaokoa zaidi ya afya

Kuna vijana wa Pwani wanaogundua kuwa wana virusi siku ya kupimwa kwa ajili ya kazi ya Saudia, Qatar au Falme za Kiarabu. Kipimo cha homa ya ini B na C ni sehemu ya uchunguzi wa afya kwa wanaokwenda kufanya kazi nchi za Ghuba, na anayekutwa na virusi huzuiwa kusafiri. Kufikia hapo huenda familia imeshauza mbuzi, imechanga na imekopa. Anayepima kabla ya kutumia shilingi hizo ana nafasi ya kupanga upya. Na anayekutwa salama akachanjwa hujilinda yeye na mipango yake.

Wengine hujua hali yao baada ya kutoa damu. Nchini Kenya damu inayotolewa kwa ajili ya wagonjwa hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende kabla ya kuongezewa mtu. Lakini utoaji damu ni msaada kwa mgonjwa. Anayetaka kujua hali yake aende maabara kupimwa.

Ukikutwa na virusi

Kukutwa na homa ya ini B si hukumu ya kifo. Wengi huishi miaka mingi na afya njema, mradi ini lao liangaliwe. Hatua ya kwanza ni kurudia kipimo baada ya miezi sita: virusi vikiwa bado vipo, ugonjwa huhesabiwa kuwa wa kudumu. Katika muda huo daktari huagiza vipimo vya utendaji wa ini, wingi wa virusi, na picha ya ini ili kuona kama kuna makovu au uvimbe.

Si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa papo hapo. Wanaohitaji hupewa tenofovir, kidonge kinachomezwa mara moja kwa siku. Dawa hiyo huzuia virusi kuzaana na hupunguza hatari ya makovu na saratani, ila kwa kawaida haviondoi kabisa, ndiyo maana wengi huitumia kwa muda mrefu. Asiyeanzishiwa dawa naye anapaswa kurudi kliniki kwa tarehe aliyopewa, kwani hali inaweza kubadilika.

Tenofovir pia imo katika dawa nyingi za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi na katika vidonge vya kuzuia maambukizi hayo. Mwenye homa ya ini B anayezitumia asiziache ghafla bila kumwona daktari, kwa sababu virusi vya ini vinaweza kuamka kwa kishindo na kuliumiza ini vibaya.

Mwenzi, watoto na ndugu wa nyumba moja wapimwe, na wasio na kinga wachanjwe. Mwenzi akishapata kinga ya chanjo, hofu kubwa ndani ya nyumba huwa imekwisha.

Pombe ni adui wa ini lenye virusi, iwe ni bia, chang'aa au mnazi. Dawa za maumivu zitumiwe kwa kipimo kilichoandikwa, kwa sababu paracetamol ikizidishwa huharibu ini. Tahadhari hiyo inahusu pia miti shamba: karibu kila kinachomezwa hupitia kwenye ini, na dawa isiyojulikana kipimo chake inaweza kulimaliza ini lililokwisha dhoofika. Anayetumia dawa za kienyeji amweleze daktari waziwazi.

Mahindi yenye ukungu

Kuna hatari nyingine ambayo mkulima wa Ganze au Magarini anaweza kuipunguza mwenyewe. Ukungu unaoota kwenye mahindi na njugu zisizokauka vizuri hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo huharibu ini na kuleta saratani, na kwa mtu mwenye homa ya ini B hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi.

Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwaumiza watu 317 nchini, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 walifariki. Watafiti waliolinganisha wagonjwa na wanakijiji wenzao wasiougua waliona kuwa waliougua walikuwa na homa ya ini B mara nyingi zaidi.

Kupika hakuondoi sumu hii. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au jamvi, si kwenye udongo mtupu, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5 kabla ya kuwekwa ghalani. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu zitolewe. Zisipewe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Aina ya C: haina chanjo, ila inapona

Homa ya ini C huenea hasa kwa damu. Nchini Kenya, wanaojidunga dawa za kulevya na kuchangia sindano ndio walio katika hatari kubwa zaidi, na Pwani inaujua mzigo huo. Haina chanjo, lakini ina tiba: vidonge vinavyomezwa kwa wiki 12 hivi huwaponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100. Kipimo cha kwanza huonyesha kama mtu aliwahi kukutana na virusi, na cha pili huthibitisha kama bado vimo. Aliyepona anaweza kuambukizwa tena, kwa hiyo sindano safi ni muhimu hata baada ya tiba.

Kliniki ya methadone ya Malindi ilianza kazi mwaka 2015. Methadone hunywewa, haidungwi, na kwa hiyo humwondoa mtu kwenye sindano. Jamaa mwenye ndugu anayetumia dawa za kulevya anaweza kumsindikiza huko bila kumhukumu.

Misri imeonyesha faida ya kupima watu wengi. Virusi vya aina ya C vilikuwa vimeenea huko kwa kiasi fulani kwa sababu ya sindano zilizorudiwa bila kutakaswa miaka ya nyuma katika kampeni za kutibu kichocho. Nchi hiyo ikapima zaidi ya watu milioni 60 na kuwatibu zaidi ya milioni 4. Mwaka 2023 WHO iliitambua kwa hatua yake kubwa ya kuelekea kuutokomeza ugonjwa huo.

Aina ya A na E: maji na mikono

Mto Sabaki unapofurika na vyoo vikajaa maji, visima huchafuka. Hapo kipindupindu huogopwa, lakini homa ya ini A na E hupita njia ile ile. Mwaka 2012 aina ya E ililipuka katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, penye msongamano mkubwa wa watu.

Aina ya E ni hatari kwa mama mjamzito. Katika miezi mitatu ya mwisho, hadi 20 au 25 kati ya kila akina mama 100 wanaougua wanaweza kufariki. Mjamzito mwenye macho ya manjano apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, asitibiwe nyumbani.

Kinga ni choo kinachotumiwa na kila mtu wa boma, maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini, na mikono iliyooshwa kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumbadilisha mtoto na kabla ya kugusa chakula. Matunda yaoshwe kwa maji safi. Wauza vyakula kando ya barabara waweke maji yanayotiririka na sabuni pahali ambapo mteja anayaona.

Yasiyo kweli

Homa ya ini B na C haziambukizwi kwa kula sahani moja, kupeana mkono, kukumbatiana, kukohoa, kukaa darasa moja wala kuumwa na mbu. Mgonjwa hahitaji kikombe chake wala chumba chake. Anahitaji wembe wake, mswaki wake, na watu wa nyumbani waliochanjwa.

Si kweli kwamba ugonjwa huu hutokana na kurogwa. Si kweli kwamba macho yakirudi kuwa meupe basi ugonjwa umekwisha, kwani virusi vya B na C vinaweza kubaki kimya. Na si kweli kwamba mwenye sura ya afya hana haja ya kupimwa.

Cha kufanya wiki hii

Kila mkazi aliyezaliwa kabla ya Novemba 2001 aulizie kipimo cha homa ya ini B katika kituo kilicho karibu. Anayetoka mbali, kama Bamba au Marafa, amuulize kwanza mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake ni kituo gani chenye vipimo na chanjo, siku gani, na kwa gharama ipi, ili asipoteze nauli. Hospitali kubwa za kaunti, zikiwemo za Kilifi, Malindi na Mariakani, ndizo za kuulizia uchunguzi zaidi kwa wanaokutwa na virusi.

Wasikawie zaidi hawa: wajawazito, wahudumu wa afya, wenye ndugu aliyekufa kwa saratani ya ini au anayeishi na virusi, wanaoishi na virusi vya Ukimwi, waliowahi kujidunga dawa za kulevya, na wanaojiandaa kusafiri kikazi.

Siku ya Homa ya Ini Duniani huadhimishwa kila Julai 28, tarehe aliyozaliwa Baruch Blumberg, mwanasayansi wa Marekani aliyegundua virusi vya aina ya B na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kipimo, hata hivyo, hakingoji Julai. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ini likishabomoka ukuta wake ni mgumu kuujenga.

Anayepima wiki hii akakutwa hana virusi na kuchomwa dozi ya kwanza, aandike tarehe mbili kwenye kalenda ya ukutani kabla ya kulala: ya mwezi ujao, na ya mwezi wa sita kutoka leo. Dozi hizo mbili ndizo zinazokamilisha kinga.